Mapafu ya mchimbaji ni dhamana ya nani?

Novemba 2015 nchi nzima ilipigwa na mshangao. Wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai katika mgodi wa Nyangarata, wilayani Kahama mkoani Shinyanga, baada ya kukaa chini ya kifusi siku 41. Habari zao zilizungumzwa vijiweni, sokoni na kwenye mabasi, na watu wakamshukuru Mungu.

Kifusi kina kishindo, na kishindo huita watu. Vumbi halina kishindo. Mchimbaji anayeumizwa na vumbi hutoka duarani, yaani shimoni, kwa miguu yake, akapanda basi hadi kwao, akafia kitandani miaka kadhaa baadaye. Kaburi lake haliingii kwenye daftari la mgodi wowote.

Ukipita kwenye machimbo ya Geita na Kahama utaona maduara yakishuka kufuata mkanda wa mawe ya dhahabu, kingo zake zimeshikiliwa na matimba. Mchimbaji huteremka na tochi kichwani, moko na nyundo mkononi. Jiwe jeupe analolipasua limejaa silika, na kila pigo hutoa vumbi. Chembe zake zilizo ndogo kabisa, ambazo jicho halizioni, hupenya hadi ndani ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na hufungua mlango kwa kifua kikuu. Mgonjwa anaweza kumeza dawa za TB akazimaliza, TB ikaisha, pumzi isirudi. Vumbi hilo hilo huwafuata waliobaki juu, kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na pale kina mama wanapoponda mawe kwa nyundo.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, wanaume wengine waliishi ndani ya ardhi namna hii. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Ulaya yalichimba mahandaki kupita Ubelgiji na Ufaransa, na askari wakakaa humo kwenye tope, majira hata majira. Risasi na mizinga iliwaua kwa maelfu, lakini handaki lenyewe nalo lilikuwa na maradhi yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwao msemo huo ulikuwa kweli tupu: chawa wa nguo waliwaambukiza homa iliyopewa jina la handaki. Miguu iliyoshinda siku nyingi kwenye maji baridi, ndani ya buti zinazobana, ilikosa damu, ikafa ganzi, ikaoza. Wengine walikatwa vidole, wengine mguu mzima. Katika majira ya baridi ya kwanza, 1914 kuingia 1915, Waingereza peke yao walitibu askari wapatao 20,000 kwa ugonjwa huo wa miguu.

Ndipo amri ikatoka. Soksi zibadilishwe kila siku. Miguu ikaushwe na kupakwa mafuta ya nyangumi. Askari wapangwe wawili wawili, kila mmoja akague miguu ya mwenzake. Na ofisa ambaye miguu ya askari wake inaoza, aeleze kwa nini. Maji yaliendelea kujaa mahandakini, lakini wagonjwa wakapungua sana. Mguu wa askari ulikuwa umepata mtu wa kuulizwa.

Huku kwetu vita hiyo ilikuwa zaidi ya kutembea kuliko ya kukaa handakini. Julai 1916 Waingereza waliiteka Mwanza, kisha wakashuka kusini kupitia Shinyanga kuelekea Tabora, mji ulioangukia mikononi mwa Wabelgiji Septemba 19 mwaka huo. Mizigo ya majeshi ilibebwa na Waafrika vichwani. Katika vita yote ya Afrika Mashariki, wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa kufika 95,000, na wengi waliuawa na maradhi: kuhara damu, malaria, homa ya mapafu. Wengine walilishwa unga wa mahindi wasiouzoea, uliopikwa bila kuiva, matumbo yakaharibika njiani. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Mzigo ulihesabiwa kwa makini kuliko kichwa kilichoubeba.

Sasa turudi duarani. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara, kuna mfadhili anayetoa chakula na vifaa, kisha kuna vijana wanaoshuka chini na kulipwa kwa mgawo wa viroba vya mawe. Kila mmoja ana fungu lake katika dhahabu. Katika kikohozi, fungu ni la kijana peke yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya 2008, humfidia mfanyakazi mwenye mwajiri. Anayelipwa kwa kiroba atamtaja nani?

Kinga yenyewe haihitaji elimu kubwa. Mwamba ukiloweshwa wakati wa kuchoronga na kuponda, vumbi hupungua. Barakoa inayochuja chembe ndogo husaidia. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Picha ya eksirei ya kifua na kipimo cha TB kila mwaka huweza kumwonya mtu angali na pumzi ya kutafuta kazi nyingine.

Kinachokosekana ni amri yenye mwenyewe. Naomba jukumu hilo lifungwe kwenye leseni: anayepewa haki ya kuchimba apewe pia dhamana ya mapafu ya wanaomchimbia, kama ofisa alivyopewa miguu ya askari wake. Mkaguzi anayefika kutazama kama matimba yako imara aulize maswali mawili zaidi: maji ya kulowesha mwamba yako wapi, na vijana hawa walipimwa kifua lini? Na anayepaswa kujibu awe na jina, liwe limeandikwa, kabla kijana mwingine hajashika kamba kushuka.