Mchapa Vitambaa na Bustani Yake: Funzo kwa Mwalimu wa Sanaa

Wanachuo wanaojiandaa kwenda katika mazoezi ya kufundisha hutuuliza mara nyingi swali hili kuhusu somo la Sanaa: “Nitawapa watoto kitu gani wachore?” Swali lenyewe ni la haki, lakini msingi wake una kasoro, kwa kuwa linamfanya mwalimu awe ghala la michoro na mtoto awe mpokeaji tu. Katika makala haya tutaeleza maisha ya kazi ya mtu mmoja aliyebuni nakshi za kuchapwa juu ya vitambaa, tuone alizipata wapi, kisha tuonyeshe jinsi njia yake iwezavyo kufuatwa katika shule ya msingi isiyo na vifaa vingi. Mtu huyo ni William Morris wa Uingereza, aliyeishi kati ya mwaka 1834 na 1896. Tumemchagua kwa sababu safari ya nakshi zake, kutoka bustanini hadi kitambaani, inajulikana hatua kwa hatua.

Alizipata wapi nakshi zake?

Morris alizaliwa Walthamstow, karibu na London, na alipokuwa mtoto alizoea kutembea katika msitu wa Epping. Mwaka 1862 alibuni nakshi ya karatasi za kubandika ukutani, naye hakuitafuta mbali. Katika bustani ya nyumba yake palikuwa na fito zilizopishanishwa na kuparamiwa na mawaridi. Akazichora fito hizo pamoja na mawaridi yake. Ndege wa nakshi hiyo hakuwachora yeye, bali rafiki yake Philip Webb, mbunifu wa majengo. Yafaa mwalimu akumbuke jambo hili: bingwa naye alianza kwa kushirikiana na mwenziwe.

Mwaka 1883 alitoa kitambaa kilichopata sifa kuliko vyote, kiitwacho Strawberry Thief, yaani Mwizi wa Stroberi. Katika bustani ya nyumba yake ya shamba, Kelmscott, ndege walikuwa wakipenya chini ya nyavu na kula matunda. Binti yake, May, amesimulia kwamba mtunza bustani alitamani kuwanyonga ndege hao, lakini Morris alikataza asiguswe hata mmoja. Wezi hao ndio tunaowaona katika kitambaa: ndege wawili wawili wanaoelekeana, wengine wakiwa na tunda mdomoni, katikati ya majani na maua. Nakshi nyingine ya mwaka 1887, yenye matawi ya mierebi, ilitokana na matembezi kando ya kijito, ambapo Morris alimwonyesha binti yake jinsi majani ya miti hiyo yanavyohitilafiana kwa umbo.

Hata hivyo, hakutegemea mimea peke yake. Alikwenda mara kwa mara katika jumba la makumbusho la South Kensington, London, kutazama vitambaa vya kale vya Italia na vya nchi za Mashariki. Humo alijifunza jinsi shina linavyoweza kupanda kwa mshazari, na jinsi nakshi inavyorudiwa pasipo kuchosha macho. Kwa ufupi, mmea ulimpa umbo, na kitambaa cha kale kilimpa mpangilio. Vyote viwili alivipata kwa kutazama kwa makini.

Kuitii mali ghafi

Kubuni nakshi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuijua rangi na kitambaa. Mwaka 1873 Morris alibuni nakshi ya maua ya tulipu na mierebi, lakini kiwanda kilichomchapia kilitumia buluu ya kemikali ambayo hakuridhika nayo. Badala ya kunung'unika tu, aliamua kujifunza. Kuanzia mwaka 1875 alifanya kazi katika mji wa Leek pamoja na Thomas Wardle, mtia rangi vitambaa, akichovya kwa mikono yake mwenyewe hata ikageuka buluu. Mwaka 1881 alihamishia karakana zake Merton Abbey, kando ya mto Wandle, ambao maji yake yaliifaa kazi hiyo.

Huko ndiko alikofaulu kutumia nili, ile rangi ya buluu itokanayo na mmea. Kitambaa kizima kilichovywa kwanza katika nili. Kisha mchapaji alichukua kibao cha mti kilichochongwa nakshi, akakipaka dawa ya kuondoa rangi, akakiweka juu ya kitambaa na kukigonga kwa nyundo. Palipoguswa na dawa, buluu ilififia au ikatoka kabisa. Nyekundu na njano zilifuata, kila moja kwa vibao vyake. Kuchapa Mwizi wa Stroberi kwa njia hii kulichukua siku kadhaa. Na ile nakshi ya tulipu nayo ilichapwa kwa nili mwaka 1883, yaani miaka 10 tangu ibuniwe.

Kazi ya namna hiyo haikuwa rahisi kwa bei. Morris, ambaye mwaka huohuo alijiunga na chama cha kijamaa, aliudhika kuona kwamba vitu vizuri vilinunuliwa na matajiri. Katika jambo hili sisi tuna bahati, kwani kanga, ambayo nayo ni nakshi iliyochapwa, huingia katika nyumba ya tajiri na ya maskini.

Kosa letu darasani

Hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, tulichora ua la waridi ubaoni na kuwaamuru wanafunzi 45 wa Darasa la Tano walinakili. Mvulana mmoja alichora ua la mboga lililokuwa limetambaa juu ya ua wa shule, pamoja na mdudu aliyekuwa ndani yake. Tulimwandikia “Rudia”. Akarudia, akachora waridi kama wenzake. Kwa muda wote uliobaki hakuchora tena kitu ambacho hatukukichora ubaoni. Tulidhani tumemfundisha utii. Kwa kweli tulimfundisha asitazame.

Njia tunayopendekeza

1. Kutazama. Wanafunzi walete kanga kutoka nyumbani. Watafute pindo, mji na jina; wahesabu ni mara ngapi umbo moja, kwa mfano la korosho, limerudiwa katika pindo. Kisha watoke nje, na kila mmoja achague jani, ua au tunda moja, alichore likitazamwa kutoka juu, kutoka ubavuni, na likiwa limekatwa.

2. Kurahisisha. Mwanafunzi aondoe mistari isiyo ya lazima mpaka libaki umbo linaloweza kuchongwa.

3. Kuchonga na kuchapa. Kiazi kitamu kilichokatwa katikati kinatosha kuwa kibao. Kwa wadogo, mwalimu ashike kisu mwenyewe, au atumie bamia iliyokatwa kwa upana, ambayo huchapa umbo la nyota bila kuchongwa. Masizi au mkaa uliosagwa, ukikorogwa katika uji mzito wa muhogo, hutoa rangi nyeusi. Kitambaa kikuukuu kilichokunjwa ndani ya kisahani kiloweshwe rangi hiyo, na gazeti la zamani liwe mahali pa kuchapia.

4. Kupanga marudio. Wapige mistari ya miraba kwanza. Wachape mraba baada ya mraba; kisha wajaribu kuruka mmoja, halafu kugeuza kibao juu chini. Waulizwe ni mpango upi unaopendeza, na kwa nini.

Wakati wa kusahihisha, mwalimu asianze kwa kuuliza kama kazi imefanana na ya ubaoni. Amwulize mtoto: “Hiki ulikiona wapi?” Mtoto atakayeweza kujibu, akaeleza mahali na jinsi kilivyokuwa, amelielewa somo, hata kama kibao chake kimechapa ukungu.

Si kila mwanafunzi atakuwa mbunifu wa vitambaa. Lakini kila mmoja ana haki ya kujua kwamba ua lililotambaa juu ya ua wa shule yake lastahili kutazamwa. Mwalimu mtarajiwa, utakapomwona mtoto amechora kitu ambacho hukukiagiza, usishike kalamu nyekundu upesi. Toka naye nje, akuonyeshe.