Unaenda kwa nani?

Niliulizwa swali hilo na kondakta wa basi, saa kumi na moja alfajiri, pale Mbagala Rangi Tatu. Nilikuwa na begi moja mgongoni, ndala zikining'inia pembeni, na tiketi ya kuelekea Kilwa. Nikamjibu kwamba siendi kwa mtu, naenda kutembea tu. Akanitazama kuanzia juu hadi chini, kisha akashusha sauti: "Kuna msiba, kaka?"

Simlaumu. Sisi watu wa Dar es Salaam tukipanda basi la mkoani, sababu huwa inajulikana: msiba, harusi, mgonjwa, au shamba la mzee limeingia mgogoro. Kutembea kwa ajili ya kutembea tumewaachia Wazungu wenye mabegi makubwa kuliko migongo yao.

Sababu yangu mimi ilianzia nyumbani. Naishi Kinyerezi, upande wa Ilala, ambako upepo wa bahari haufiki. Kinachovuma kwetu ni mitambo ya umeme. Kituo cha Kinyerezi II, chenye uwezo wa megawati 240 hivi, kilizinduliwa mwaka 2018, na gesi yake inakuja kwa bomba kutoka Songo Songo, Kilwa, na Mnazi Bay, Mtwara, zaidi ya kilomita 500. Miaka yote hiyo nimewasha taa na kuchaji simu kwa kitu kilichotoka chini ya pwani nisiyoijua. Nikaamua kulifuata bomba kinyumenyume, mji kwa mji, hadi linapoanzia.

Siti ya nyuma

Nilipangiwa siti ya nyuma kabisa, ile inayomrusha abiria kila penye tuta. Tulikuwa wanne. Kulikuwa na fundi friji wa Tandika, Mnyamwezi, aliyekuwa likizo ya lazima baada ya kazi kukauka. Kulikuwa na dada wa Mombasa, mwalimu wa historia, aliyekuja kwa njia ya nchi kavu kupitia Horohoro na Tanga. Dirishani alikaa mama wa makamo aliyekuwa akirudi Mtwara baada ya kuuza korosho mjini.

Hatukuulizana majina. Kabla ya Kibiti kila mtu alikuwa ameshabatizwa: Tabora, Mombasa, Mama Korosho, na mimi nikaitwa Kinyerezi.

Kilichovunja ukimya ni utani. Tabora aliposikia kwamba mama yangu ni Mzaramo, akanitupia begi lake mapajani. "Babu zangu wamepita kwenu na meno ya tembo mabegani miaka na miaka. Leo zamu yenu kubeba." Basi zima likacheka. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulizaliwa njiani, enzi za misafara ya kwenda pwani, na bado unafanya kazi ile ile: kumgeuza mgeni kuwa ndugu kabla hajapata muda wa kuwa adui.

Tulivuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Mama Korosho akatuambia kwamba kabla halijafunguliwa mwaka 2003, hapo palikuwa na kivuko, na masika ikikolea abiria walilala barabarani siku kadhaa. Si hadithi za kale tu. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo tena, na Kusini ikabaki upande wake.

Somanga, basi lilizungukwa na sinia za samaki wa kukaanga. Mama Korosho alinyoosha mkono dirishani, akabonyeza samaki mmoja mgongoni kwa kidole gumba, akamrudisha. Akabonyeza wa pili, akamrudisha. Wa tatu alitoa mlio mkavu wa ngozi kupasuka. "Huyu wa leo," akasema, akamgawa vipande vinne juu ya gazeti. Hakutaka hela yetu. Tangu hapo hakuna aliyekula peke yake.

Alichofuata Ibn Battuta

Nangurukuru tuliteremka watatu. Mama Korosho akaendelea na safari, lakini kwanza alitulazimisha kuandika namba yake, akaipiga mbele yetu kuhakikisha hatujakosea.

Kilwa Masoko tulichanga hela, Tabora akawa mweka hazina, na asubuhi tukavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Mombasa alikuwa na deni la kihistoria. "Msafiri Ibn Battuta alipita mwaka 1331. Kwetu alilala usiku mmoja tu, akaenda zake Kilwa. Nataka nione alifuata nini."

Alikiona. Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11, bado una kuba na nguzo zinazosimama zenyewe. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina bwawa la pembe nane linalotazama bahari. Dhahabu ya Sofala ilipitia hapa, na sarafu za Kilwa ziliokotwa hadi kisiwani kaskazini mwa Australia mwaka 1944. UNESCO iliyaingiza magofu haya, pamoja na ya Songo Mnara, katika Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Tabora hakujali masultani. Alipitisha kiganja ukutani, akakwangua kidogo kwa ukucha, akanusa. "Matumbawe na chokaa. Hakuna nondo hata moja. Na mimi nilijenga jiko la uani mwaka juzi, limeshapasuka." Mombasa alicheka mpaka akakaa chini. Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu Kilwa, lakini sifa iliyonikaa kichwani ni hiyo ya fundi friji.

Lindi tulilala usiku mmoja, kwenye gesti yenye feni iliyokuwa ikilalamika kuliko sisi. Ng'ambo ya vilima vya mji huo ndiko Tendaguru, ilikochimbwa mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Yule mkubwa wao leo amesimama Berlin. Mikindani, alikoanzia Livingstone safari yake ya mwisho bara mwaka 1866, tulitembea vichochoroni bila mpango hadi jua likazama.

Mwisho wa bomba

Mtwara tulipiga namba. Mama Korosho alitupokea uani kwake, akaweka korosho na maganda yake juu ya bati lenye matundu, moto chini. Mafuta ya ganda yakashika moto, moshi mweusi ukapanda. Alipoona rangi anayoitaka akapindua bati, akazimwagia mchanga. Nikadaka moja mapema. Mafuta yakaniunguza vidole. "Zina adabu zake," akasema, akanifundisha kugonga ganda kwa jiwe mara moja tu, lisivunje kiini.

Hapo ndipo aliponiuliza Kinyerezi iko upande gani. Nilipomweleza kuhusu mitambo, akanyamaza kidogo. "Kumbe ndio nyie mnaowashia gesi yetu." Alisema akitabasamu, lakini wote tulijua uzito wake. Mwaka 2013 mji huu ulifuka moshi kwa ghasia za kupinga bomba hilo, na watu walikufa. Sikuwa na jibu. Nilisema ahsante, nikaona ni neno dogo.

Kesho yake alitupeleka Msimbati mwenyewe, kupitia Madimba inakosafishwa gesi. Kisha njia ya mchanga, minazi, na ufukwe mweupe usio na mtu isipokuwa wavuvi wawili wakitengeneza nyavu. Tuliogelea hadi ngozi za vidole zikajikunja. Mombasa akatazama kusini kuliko na Msumbiji, akasema likizo ijayo safari itaanzia hapo.

Nauli na gesti ni sawa na hela tunayochangia sare za harusi moja. Kinachotakiwa ni kuepuka masika, kuwa na begi jepesi, na kukubali kukaa siti ya nyuma.

Miezi miwili baadaye Mama Korosho alikuja Dar na magunia yake. Alinipigia akiwa kituoni, akasahau kukata simu, nikamsikia kondakta wa daladala akimuuliza anakwenda wapi.

"Naenda kwa Kinyerezi."

"Kinyerezi, mama. Hakuna 'kwa'."

"Wewe washa gari twende. Kwa Kinyerezi. Ni mwanangu."