Mlinzi wa Nafasi Nyingi na Mizani ya Msaka Vipaji

Kila mwaka tangu 1965, timu za kulipwa za besiboli nchini Marekani hugawana vijana kwa zamu, timu moja ikichagua baada ya nyingine. Kabla ya siku hiyo kufika, watu waitwao wasaka vipaji huzunguka katika viwanja vya vyuo vikuu, mkononi wakiwa na saa ya kupimia sekunde, chombo cha kupimia mwendo wa mpira, na daftari. Kazi yao si kueleza jinsi kijana alivyo leo, bali kukisia atakavyokuwa miaka mitano ijayo. Na katika wote wanaotazamwa, ni wachache wanaowatatiza wasaka vipaji kama mlinzi wa ndani awezaye kusimama popote.

Msomaji asiyeujua mchezo huu na afikirie mraba wenye vituo vinne, kila upande ukiwa na urefu wa mita 27.4. Mrushaji, aliye mita 18.4 kutoka kwa mpigaji, humtupia mpira. Mpigaji akiupiga ukaviringika chini, hana budi kukimbilia kituo cha kwanza kabla mpira haujafikishwa huko. Kazi ya kuufikisha ni ya walinzi wanne wa ndani: mmoja kwa kila kituo cha kwanza, cha pili na cha tatu, na wa nne, aitwaye shotistopu, husimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Nyuma yao, katika majani mapana, kuna walinzi watatu wa nje.

Mpigaji wa kawaida wa mkono wa kulia hufika kituo cha kwanza kwa sekunde 4.3 hivi. Muda huo ndio hakimu wa kila mlinzi wa ndani. Chukua mfano: mpira uliopigwa chini unamfikia shotistopu baada ya sekunde 2, anauokota na kuutoa katika glavu kwa sekunde 0.9, kisha anaurusha mita 36 kwa mwendo wa mita 33 kwa sekunde, yaani sekunde 1.1 nyingine. Jumla ni sekunde 4.0. Akiba iliyobaki ni sekunde 0.3 tu, nayo humezwa yote na hatua moja iliyokosewa. Ndiyo maana msaka vipaji mzoefu hutazama miguu ya mlinzi kabla ya mkono wake.

Yanayoonekana huandikwa kwa alama kuanzia 20 hadi 80. Mambo matano hupimwa: kuupata mpira kwa fimbo, nguvu za kuupeleka mbali, mbio, udakaji, na urushaji. Alama 50 ni ya mchezaji wa wastani wa ligi kuu, si wa chuo. Kwa hiyo kijana apewaye 50 amesifiwa sana. Kila alama kumi hukusudiwa kulingana na kile wanatakwimu wanachokiita mchepuko wastani, yaani kipimo cha jinsi watu wanavyotawanyika kandokando ya wastani. Kwa hesabu hiyo, kama theluthi mbili ya wachezaji wangekuwa kati ya 40 na 60, na wa 80 wangekuwa adimu mno.

Mizani hiyo ni nzuri, ila ina kasoro moja kubwa: hupima kila kipaji peke yake. Kijana mwenye 50 katika safu zote tano huonekana mtu wa kawaida karibu na yule mwenye 70 katika urushaji. Lakini nafasi za uwanjani hazidai kitu kimoja. Kituo cha tatu hudai wepesi wa kushtuka, kwa kuwa mpira wa kilomita 160 kwa saa humfikia mlinzi aliye mita 30 kwa chini ya sekunde 0.7, halafu hudai mkono, maana urushaji wa kwenda kituo cha kwanza ni wa karibu mita 39. Kituo cha pili hudai mkono mdogo zaidi, lakini mlinzi wake hupokea mpira huku mkimbiaji akimjia, ageuke na kuurusha kwa mkupuo mmoja. Shotistopu hudai yote mawili, pamoja na eneo pana la kukimbilia. Aliyeimudu nafasi hiyo kwa kawaida aweza kuhamishiwa nyingine; kinyume chake ni nadra.

Fimbo nayo hupotosha vipimo. Vyuo hutumia fimbo za chuma chepesi, ligi kuu hutumia za mbao. Chuma chembamba hubonyea kidogo kinapogongwa na kuurudishia mpira nguvu ambayo mbao ingeipoteza. Kanuni za mwaka 2011 zilipunguza sana tofauti hiyo, lakini wasaka vipaji wangali wanapenda kumwona kijana katika ligi za majira ya joto, kama ile ya Cape Cod, ambako mbao hutumika.

Kisa cha Ben Zobrist chaonyesha hasara ya kuisoma mizani vibaya. Alipomaliza sekondari huko Illinois hakuna chuo kilichompa ufadhili, mpaka alipojitokeza katika majaribio ya hadhara. Alicheza Olivet Nazarene, kisha Dallas Baptist, na mwaka 2004 Houston Astros ikamchagua akiwa wa 184. Wa kwanza mwaka huo alikuwa Matt Bush, shotistopu wa sekondari mwenye mkono wa ajabu. Huyo alifika ligi kuu mwaka 2016, tena akiwa mrushaji. Mwaka 2006 Houston ilimtoa Zobrist kwa Tampa Bay. Huko, mwaka 2009, alicheza nafasi saba tofauti na kupiga mipira 27 ya kutoka nje ya uwanja. Mwaka 2016, akiwa na Chicago Cubs, aliteuliwa mchezaji bora wa fainali, na katika mchezo wa saba alikuwa akilinda uwanja wa nje.

Thamani yake ilikuwa katika hesabu ya kikosi. Timu ya sasa ina wachezaji 26, na warushaji waweza kufika 13. Wapigaji tisa wakishaanza, hubaki wanne wa akiba, mmoja wao akiwa mdakaji. Watatu waliosalia ndio wa kuziba pengo lolote la uwanja mzima. Mtu mmoja awezaye nafasi tano humwachia kocha kiti cha bure, nacho hakina safu katika daftari.

Tangu 2015 kamera za viwanja vya ligi kuu hupima kila hatua ya mlinzi. Hazimpimi kijana wa chuo siku ya tatu baada ya kuhamishiwa nafasi asiyoizoea. Kwa hiyo msaka vipaji makini hufika mapema, wakati wa mazoezi, na kuomba kijana apigiwe mipira akiwa kituo cha pili, kisha cha tatu, huku yeye akiwa ameishika saa na macho yake yakiwa miguuni.