Mafuta ya Giaboksi: Ni ya Maisha ya Nani?

ILIKUWA jioni ya Jumapili mwaka wa 2023, shemeji yangu akirejea Nairobi kutoka arusini Narok pamoja na mkewe na watoto wao watatu. Walikuwa wamepita Mai Mahiu salama salimini na kuanza kuukwea mlima wa kuelekea Rironi. Ghafla injini ikaanza kunguruma kama ya lori, lakini gari lenyewe likajikokota mithili ya kobe. Kila alipozidi kukanyaga mafuta, kelele zilizidi ila mwendo haukuongezeka. Hatimaye lilisimama kabisa kando ya barabara, malori yakilipita, giza nalo likiingia.

Kesho yake fundi aliingia chini ya gari, akafungua kizibo cha giaboksi na kukinga kopo. Yaliyotoka yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyochemka mno, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichoungua.

"Mwalimu, haya mafuta yalibadilishwa lini mara ya mwisho?" fundi aliuliza.

"Mwezi uliopita tu. Mimi sikosi sabisi," shemeji alijibu.

"Hayo ni ya injini, mwalimu. Mimi nauliza ya giaboksi."

Shemeji alibaki kinywa wazi. Kwa miaka 4 aliyokuwa na gari hilo, hakuna aliyewahi kumtajia mafuta mengine ila yale ya injini. Isitoshe, aliyemwuzia alikuwa amemhakikishia kwamba mafuta ya giaboksi ya magari ya kisasa ni ya kudumu, hayabadilishwi maisha.

Aliyelipia kosa hilo ni binti yake mkubwa, ambaye alikuwa akijiandaa kujiunga na chuo. Pesa za karo zilikwenda kununua giaboksi iliyotumika kutoka Japani, na binti huyo akaanza masomo mwaka uliofuata.

Mpenzi msomaji, huenda nawe umeambiwa maneno kama hayo. Swali la kujiuliza ni moja: mafuta ya maisha, lakini ni maisha ya nani?

Kazi nne kwa mpigo

Katika gari la otomatiki, mafuta ya giaboksi yana kazi nyingi kuliko ya injini. Kwanza, ndiyo yanayopitisha nguvu za injini hadi kwenye gia, kwani hakuna klachi ya kukanyagwa kwa mguu. Pili, yakisukumwa na pampu, ndiyo yanayofunga na kufungua klachi ndogo ndogo zilizomo ndani ili gia zibadilike. Tatu, hulainisha vyuma visisagane. Nne, hubeba joto na kulipeleka kwenye rediata likapozwe.

Kila klachi hizo zinaposhika na kuachia, hutoa vumbi laini linaloingia kwenye mafuta. Vyuma navyo huacha unga wake. Chini ya giaboksi huwekwa sumaku za kunasa unga huo wa chuma, lakini vumbi la klachi halinaswi na sumaku.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni joto. Kanuni inayojulikana na wanakemia ni kwamba joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya mafuta kuharibika hukaribia kuongezeka maradufu. Sasa fikiria gari lililonaswa katika msongamano wa Barabara ya Jogoo saa kumi na mbili jioni. Giaboksi inakoroga mafuta, ilhali gari halisongi wala upepo hauipigi rediata. Mita itaonyesha kilomita 8 tu, kumbe giaboksi imefanya kazi ya saa nzima na nusu.

Gari la maisha mawili

Kampuni zinazounda magari hazikusema uongo mtupu. Baadhi zilipoandika kwamba mafuta ni ya kudumu, zilikuwa zikimfikiria mnunuzi wa kwanza, anayeendesha kwenye barabara nzuri, na ambaye aghalabu huliuza gari muda mfupi baada ya dhamana kwisha.

Mkenya wa kawaida si mnunuzi huyo. Magari mengi tunayonunua hushushwa bandarini Mombasa yakiwa yamekwisha tumika Japani. Sheria zetu hukataza kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na mengi hufika yakiwa yamekaribia umri huo. Maana yake ni kwamba maisha ya kwanza ya gari yamekwisha siku unapokabidhiwa ufunguo. Wewe unaanza maisha ya pili, tena kwa mafuta ya maisha ya kwanza.

Chukua gari la shemeji. Lilifika likiwa na kilomita 92,000. Yeye akaongeza 55,000. Jumla ni kilomita 147,000 kwa mafuta ambayo huenda yalitiwa kiwandani.

Hata waundaji wenyewe hawakubaliani na neno hilo la kudumu. ZF ya Ujerumani, ambayo giaboksi zake hutumika katika magari kama BMW na Land Rover, hushauri mafuta yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8, kutegemea matumizi.

Kwa hapa kwetu, pamoja na msongamano, vumbi na milima, mafundi wengi huona kilomita 60,000 kuwa kipimo cha busara. Kwa zile giaboksi za CVT, ambazo badala ya gia zina ukanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, wengi hupendelea kati ya 40,000 na 60,000. Mtu anayeendesha kilomita 15,000 kwa mwaka atafikisha 60,000 baada ya miaka 4. Na kwa aliyenunua gari kuukuu asijue historia yake, ushauri ni mwepesi: hesabu ianze upya siku ya kulinunua.

Mafuta si mafuta tu

Kosa la pili, ambalo laweza kuwa baya kuliko kutobadilisha, ni kutia mafuta yoyote yaliyopo dukani. Hadi mapema katika miaka ya 1970, mafuta ya magari ya otomatiki huko Marekani yalichanganywa na mafuta ya nyangumi, kwa sababu yaliziwezesha klachi kushika taratibu bila kushtuka. Nyangumi huyo alipoorodheshwa miongoni mwa wanyama walio hatarini na biashara hiyo kupigwa marufuku, wanakemia walilazimika kutafuta dawa nyingine, na giaboksi nyingi zilipata hitilafu katika miaka iliyofuata. Hilo laonyesha jinsi giaboksi inavyotambua kilichomo ndani ya mafuta.

Siku hizi kila kampuni ina aina yake. Toyota nyingi zilizoundwa tangu katikati ya miaka ya 2000 hutumia ATF WS, ambayo ni nyepesi kuliko T-IV iliyotangulia. Moja haifai mahali pa nyingine. Nissan za CVT huhitaji NS-2 au NS-3, kutegemea modeli. Honda za CVT za kisasa hutumia HCF-2. Ukitia mafuta ya otomatiki ya kawaida ndani ya CVT, ule ukanda wa chuma huweza kuteleza na kuzikwaruza puli, na hapo gharama hazisemeki.

Tatizo ni kwamba kitabu cha gari, kama hakikupotea, mara nyingi kimeandikwa kwa Kijapani. Usikate tamaa. Chukua nambari ya chesisi na kumpelekea muuza spea anayeaminika, naye ataitumia kutafuta mafuta yanayofaa. Nunua kopo ambalo halijafunguliwa, na ulione likifunguliwa mbele yako.

Kumwaga na kujaza

Giaboksi haimwagiki yote kwa mara moja, kwani mafuta mengi hubaki ndani. Tuseme inabeba lita 7 na kizibo kinatoa lita 3 na nusu. Ukijaza mara ya kwanza, nusu ni mapya. Ukiendesha kidogo na kurudia, mapya ni robo tatu. Mara ya tatu, ni karibu asilimia 88. Njia hii ni ya upole, na kwa gari lenye umri mkubwa ni salama kuliko mashine ya kusukuma mafuta kwa nguvu, ambayo yaweza kung'oa uchafu na kuuziba njia za vali. Filta nayo ibadilishwe kama inafikika.

Magari mengi ya kisasa hayana kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Fundi hulazimika kupima kwa kizibo maalum, injini ikinguruma na mafuta yakiwa kwenye joto lililotajwa na kampuni. Fundi akikuambia atakadiria kwa macho, mshukuru na uende zako.

Je, mafuta mapya huua?

Kuna uvumi uliozagaa kwamba ukibadilisha mafuta kwenye gari lililokwenda kilomita nyingi, giaboksi hufa. Chembe ya ukweli imo. Watu wengi husubiri hadi gari linapoanza kuteleza. Wakati huo klachi zimekwisha lika, na mafuta mapya hayawezi kuzirudishia unene wake. Giaboksi ikifa wiki mbili baadaye, lawama huangukia mafuta mapya, ilhali mgonjwa alifikishwa hospitalini akiwa mahututi.

Basi tazama dalili. Ukitia D na gari likachelewa kuondoka, ukisikia likigutuka gia zinapobadilika, ukiona matone chini ya gari asubuhi, au injini ikipiga kelele bila mwendo kuongezeka, nenda gereji kabla ya safari, si baada yake. Mafuta yakionekana kama maziwa yaliyotiwa rangi, maji yameingia, pengine kutoka kwa rediata iliyotoboka. Aliyeendesha gari ndani ya mafuriko, kama yale yaliyoikumba Nairobi mwaka wa 2024, naye achunguze bila kukawia.

Dereva pia ana wajibu. Simama kabisa kabla ya kutoka D kwenda R. Unapoteremka mlima mrefu, tumia gia ya chini. Na gari la otomatiki likiharibika, lisivutwe kwa kamba. Injini ikiwa imezimwa, pampu haisukumi mafuta, na vyuma vya giaboksi husagana vikiwa vikavu. Afadhali kulipia lori la kulibeba.

Shemeji sasa amebandika kikaratasi ndani ya kifuniko cha dashibodi. Kimeandikwa tarehe, kilomita na aina ya mafuta yaliyotiwa. Binti yake, ambaye yuko chuoni, ndiye aliyekiandika, na kila akija likizo hukisoma kwanza kabla hajamwuliza babake habari za nyumbani.

Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta. Leo kabla hujaliosha gari lako, jiulize mafuta ya giaboksi yalibadilishwa lini. Kama huna jibu, jibu ndilo hilo.