Simu Isiwe ya Kubeti Tu

Si siri tena kwamba simu ya mkononi imekuwa mwandani wa kijana wa Buguruni. Mpagazi akishatua gunia sokoni, huitoa mfukoni akacheza. Na michezo iliyo tayari kumpokea aghalabu ni ya kubeti, ambayo huweza kumaliza ujira wa kutwa kabla jua halijatua. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha huisimamia michezo hiyo kwa sheria, na Hazina hupata kodi. Hatuna ugomvi na kodi. Twauliza tu: mchezo wa kumtuliza nafsi kijana huyu uko wapi?

Wala hilo si ndoto. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walitunga mchezo wa kompyuta uitwao SPARX kwa vijana wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyomwacha mtu. Mchezaji huingia katika nchi ya kubuni iliyoharibika, naye kiongozi humweleza la kufanya. Katika ngazi 7 hujifunza kupumua kwa utulivu, kutatua tatizo hatua kwa hatua, na kupigana na vidudu ambavyo kila kimoja ni wazo la kujidharau. Mwaka 2012 yalitangazwa matokeo ya majaribio kwa vijana 187 wa miaka 12 hadi 19: nafuu ya walioucheza haikuwa pungufu kuliko ya wenzao waliopewa ushauri wa kawaida. Mwaka 2014 Serikali ya huko ikauwezesha kupatikana bure nchini kote.

Kwetu faida yake yaweza kuzidi, kwa sababu ya aibu. Bara ukitaja Mirembe, na Unguja ukitaja Kidongo Chekundu, watu hucheka. Hivyo mwenye dhiki huificha hata impinde. Simu haimwoni na haimcheki.

Lakini mchezo huo ulitungwa kwa vijana wa kule. Wa kwetu uwe wa Kiswahili, na dhiki zilizomo ziwe tuzijuazo: kodi ya chumba, mkopo wa kausha damu, mzazi aliyeko Pemba akingoja fedha. Uchezeke katika simu ya bei nafuu, tena usile bando. Wazee wetu walicheza bao barazani, na mwenye majonzi alikuwa na wa kumsemesha. Mchezo wa simu huchezwa peke yake, na hapo ndipo udhaifu wake.

Kwa hiyo viongozi wasiufanye kisingizio cha kutoajiri washauri. Mtu aliyefikia kutaka kujiua hakabidhiwi simu. Hupelekwa Amana au Muhimbili, na aliyeko Unguja, Kidongo Chekundu, siku hiyo hiyo.

Tunazitaka Wizara za Afya, ya Muungano na ya Zanzibar, ziwakutanishe waganga wa akili na vijana wetu watungao programu, wafanye jaribio moja Buguruni na jingine katika shehia moja ya Visiwani, kisha matokeo yatangazwe hadharani, yawe mazuri au mabaya.