Seva ya Nyumbani Bila Bando

Wengi mkisikia neno seva mnawaza chumba chenye baridi na mafeni yanayovuma. Kwetu Ikungi ni laptopu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, imekaa juu ya kabati. Mdogo wangu yuko kidato cha pili, na video moja ndefu ya baolojia ilikuwa inamaliza bando lake la siku.

Kitu ambacho wengi hawakijui: ruta haihitaji bando ili simu na kompyuta za nyumba moja ziongee. Bando ni la kutoka nje tu. Humu ndani waifai inapiga kazi kama kawaida.

Kwa hiyo napakua nikiwa chuo, likizo narudi na mzigo. Nimeweka Kolibri, programu ya bure ya Learning Equality kwa ajili ya sehemu zisizo na intaneti, na Kiwix yenye Wikipedia ya Kiswahili. Dogo anafungua kivinjari kwenye simu, anaandika anwani ya seva na 8080 mwishoni, basi. Anwani hiyo ifunge kwenye ruta isibadilike, la sivyo utaulizwa kila siku, "Dada, imehamia wapi?" Na zima ile tabia ya laptopu kulala ukiifunika.

Raspberry Pi? Nzuri, inakula umeme kidogo, ila umeme ukikatika inazima papo hapo. Laptopu ina betri yake. Ruta yetu ni ya volti 5, inaishi kwa pawabenki.

Sasa napanga pasti pepa za NECTA. Za kidato cha pili kwanza, maana upimaji wa dogo ni mwishoni mwa mwaka huu.