Sura ya Tano: Mstari wa Vipande

Mwaka 1974 kampuni ya Agip ya Italia iligundua gesi asilia katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa. Gesi hiyo ilianza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004. Visima vya enzi za ugunduzi huo vilipimwa kwa chombo kilichoshushwa kwa kebo hadi chini, kisha kikavutwa juu polepole huku kikisoma miamba, na vipimo vikachorwa kwenye karatasi ndefu ya kukunjwa iitwayo logi. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola. Hakuna atakayechimba tena pale pale eti kwa sababu karatasi imeliwa na mchwa.

Wengi hudhani kazi ya kuokoa karatasi hizi huishia kwenye skana. Skana hutoa picha tu. Kompyuta ikiitazama picha hiyo huona doa jeusi na doa jeupe, haioni mwamba. Lazima mtu aufuate mstari na kuugeuza kuwa namba, kina kwa kina, na hapo ndipo panapohitaji macho ya anayejua miamba.

Tuchukue mstari wa mionzi ya gama. Mara nyingi huchorwa kuanzia 0 upande wa kushoto hadi 150 upande wa kulia. Miamba ya mchanga, ambamo gesi hukaa, kwa kawaida huwa na mionzi midogo. Miamba ya udongo wa mfinyanzi huwa na mingi. Sasa kipimo kikifika 170, karatasi imekwisha. Mchoro hurukia upande wa kushoto na kuendelea kwenye 20. Asiyejua ataandika 20, na mwamba wa mfinyanzi wenye mionzi mingi kuliko yote kisimani utageuka mchanga safi, tena mahali penye sura ya hazina. Mstari wa ukinzani wa umeme nao una mtego wake: skeli yake ni ya logarithimu, kwa hiyo katikati ya 2 na 20 pana 6.3, si 11.

Karatasi pia hutanuka kwa unyevu, na kwenye skeli ya 1:500 milimita moja ni nusu mita ya mwamba. Kwa hiyo picha hubanwa kwenye mistari ya kina iliyochapwa, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kusoma chochote. Matokeo huhifadhiwa kwenye faili la LAS, muundo uliotolewa na chama cha wapima visima cha Kanada mwaka 1989. Pasipo na kipimo kwa kawaida huandikwa -999.25, kamwe si sifuri. Na kichwa cha logi kisisahaulike: kina mara nyingi huhesabiwa kuanzia jukwaa la mtambo, ambalo liko mita kadhaa juu ya ardhi.

Ramani za jiolojia zina shida nyingine. Idara ya jiolojia ya Tanganyika, ambayo leo ni taasisi ya jiolojia ya Tanzania (GST) iliyoko Dodoma, ilianzishwa mwaka 1925, na karatasi zake nyingi zilichorwa kwa skeli ya 1:125,000, kila moja ikichukua nusu digrii kwa nusu digrii. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita hufunika zaidi ya mita 60 za ardhi. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki hufuata datumu (msingi wa kupimia mahali) ya Arc 1960, na GPS ya simu hufuata WGS 84. Ukizichanganya bila kubadili, unakosea kwa mita 300 hivi. Kwa mtafuta dhahabu, huo ni mwamba mwingine kabisa.

Lakini ninachokililia zaidi ni mstari wa vipande. Mjiolojia alitembea, akaona graniti huku na mwamba mwingine kule, katikati pana mbuga ya udongo mweusi. Hakuuona mpaka, akaukisia, na kwa uaminifu akauchora kwa vipande. Tukiuingiza kama mstari mzima sawa na mingine, tumefuta uaminifu wake, na programu itaupima kwa desimali sita. Kila mpaka lazima uwe na safu yake kwenye jedwali: umeonekana, umekisiwa, au umefunikwa.

Karatasi mbili zinapokutana, mwamba ule ule unaweza kuwa na majina mawili, na ufa ukakoma ghafla kwenye ukingo. Kishawishi ni kuviunganisha kwa kipanya cha kompyuta ili ramani ipendeze. Mimi naona majina yote mawili yabaki, pamoja na namba ya karatasi na mwaka wa uchoraji, hadi mtu aende pale na nyundo.